Nani Anampokea Binti wa Igowole? Mama Cabrini na maswali ya uhamaji Nyanda za Juu Kusini

Msaada mwingi unaoingia Mufindi humkuta mtu akiwa bado nyumbani. Yatima anapewa sare na madaftari akiwa kwa bibi yake. Mgonjwa anafuata dawa kwenye zahanati ya kijiji, mjane anapewa nguruwe wa kufuga au miche ya parachichi. Yote haya ni mema, na wapo watoto walio hai leo kwa sababu yake. Lakini siku yatima huyo anapopanda gari pale Igowole kwenda Mafinga, na Mafinga akaunganisha basi la Dar es Salaam kwenda kufanya kazi za ndani kwa watu asiowajua, msaada unabaki kijijini na yeye anakwenda. Daftari la mradi linaandika kwamba ameacha shule. Hakuna daftari lingine linaloandika alikofikia.

Nani anapaswa kumhudumia mtu aliyekwisha kuondoka kwao? Ndani ya Kanisa Katoliki swali hilo lilijibiwa kwa vitendo zaidi ya karne moja iliyopita na mtawa wa Kiitaliano, Frances Xavier Cabrini, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1946 na kumfanya msimamizi wa wahamiaji mwaka 1950. Habari zake huku kwetu husomwa zaidi kama habari za uchaji: mama mnyonge wa afya aliyevuka bahari mara nyingi kwa ajili ya Mungu. Uchaji huo ni wa kweli. Ila aliacha pia namna ya kufanya kazi, na namna hiyo ndiyo nataka kuipima kwa macho ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini.

Igowole panafaa kwa kipimo hicho. Ni mji mdogo wa wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara inayoachana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Nyololo, ikaelekea Kibao hadi Mgololo penye kiwanda cha karatasi. Pande zake kuna chai, misitu ya kupandwa na mashamba ya mahindi. Hapo kuna watu wanaotoka: mabinti wanaokwenda kazi za ndani, na vijana wanaokwenda kutafuta vibarua vya ujenzi au kutembeza bidhaa mijini. Kuna wanaoingia: wachuma chai na wapasua mbao kutoka Njombe, Makete, Mbeya na kwingineko. Na kwenye barabara kuu, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kuna wanaopita, ambao mwenyeji hawaoni mpaka siku wanapokamatwa: vijana wa Ethiopia na Somalia waliofichwa kwenye malori kuelekea Tunduma, nia yao ikiwa Afrika Kusini. Makundi haya matatu hayafanani kwa sheria wala kwa mkoba. Yanachofanana ni kwamba kila mmoja wao ametoka kwa wanaomfahamu na hajafika kwa atakayemfahamu.

Cabrini alizaliwa mwaka 1850 huko Sant'Angelo Lodigiano, Lombardia, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima. Mwaka 1880, mjini Codogno, alianzisha Shirika la Masista Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ndoto yake ilikuwa China. Papa Leo XIII alimwelekeza magharibi, kwa Waitaliano waliokuwa wakimiminika Marekani. Kati ya mwaka 1880 na 1920 waliingia huko wapatao milioni nne, wengi wao wakulima wa kusini mwa Italia wasio na ardhi wala shule, kila mmoja akisema lahaja ya kwao. Tarehe 31 Machi 1889 alishuka bandarini New York akiwa na masista sita, wakakuta nyumba waliyoahidiwa haipo. Askofu Mkuu wa New York, Michael Corrigan, alimshauri arudi Italia. Alikataa. Alitumwa na Papa, na barua za Roma alikuwa nazo mkononi.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa polepole. Cabrini hakuanza kwa kujenga. Masista walianza kwa kupanda ngazi za nyumba za kupanga katika mitaa ya Waitaliano, mlango kwa mlango, wakiuliza nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto gani hana mtu. Wakati huo Waitaliano wengi walisalishwa kwenye vyumba vya chini vya makanisa, kwa sababu parokia zilishikwa na Wakatoliki wenye asili ya Ireland waliowaona wageni hawa kuwa wachafu na wasiochangia. Kwa hiyo hata ndani ya Kanisa lake mwenyewe mhamiaji alikuwa amewekwa chini, kwa maana kamili ya neno. Masista walimfuata huko chini na kusema naye kwa lugha ya nyumbani.

Baada ya kujua nani yuko wapi, ndipo wakaanzisha makao ya yatima, shule, na mwaka 1892 hospitali ya New York iliyoanza kwa mtaji wa dola 250. Waliipa jina la Columbus. Mwaka huo ulikuwa wa 400 tangu safari ya baharia huyo, na jina lake liliwafaa Waitaliano wote, hata wale waliokuwa na ugomvi na Papa na wasingekubali kulazwa chini ya jina la mtakatifu. Kwangu mimi uamuzi huo mdogo unaonyesha akili ya mama huyu kuliko habari nyingi za miujiza. Alitaka mgonjwa aingie kwanza. Mwaka huohuo masista wake walifika New Orleans, mji ambako mwaka uliotangulia kundi la watu lilivamia gereza na kuwaua Waitaliano 11. Huko Colorado walishuka migodini kuwafuata wachimbaji. Waliingia magerezani kukaa na waliohukumiwa kifo kwa kesi zilizoendeshwa kwa lugha ambayo pengine wenyewe hawakuielewa.

Na alikuwa mkali kwenye mali. Alipokuwa akinunua hoteli ya zamani mjini Chicago ili aigeuze hospitali, aliwatuma masista wapime kiwanja kwa kamba alfajiri, wakagundua kwamba muuzaji amepunguza mipaka. Hati ilirekebishwa. Mwaka 1909, mjini Seattle, alichukua uraia wa Marekani. Alipofariki Chicago tarehe 22 Desemba 1917, shirika lake lilikuwa na taasisi 67 katika Ulaya na mabara mawili ya Amerika. Nyingi zilidumu kwa sababu majengo yalikuwa mali ya shirika lenyewe, wala hazikutegemea huruma ya mfadhili ambaye angeweza kubadili mawazo mwaka unaofuata.

Jambo moja halikuwa kazi yake, nalo lazima lisemwe. Cabrini hakupigania mshahara. Aliwatibu waliovunjika mikono viwandani, akawalea watoto wa waliokufa migodini, lakini mwenye kiwanda na mwenye mgodi hakuwasukuma, na wengine kati ya matajiri hao aliwaomba michango. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona lawama hiyo ina haki nusu. Mtoto aliyefiwa leo hawezi kungoja sheria ya kesho. Ila huruma ikibaki peke yake, idadi ya yatima haipungui.

Nusu ya pili ya jibu ilitoka kwa Mwitaliano mwingine, Askofu Giovanni Battista Scalabrini wa Piacenza, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Francis tarehe 9 Oktoba 2022. Mwaka 1887 alianzisha shirika la mapadre wa kuwahudumia wahamiaji, na ndiye mmoja wa waliomsihi Cabrini aende New York. Tofauti yake ni kwamba alitazama pia mahali pa kuondokea. Aliwaona mawakala waliozunguka vijijini Italia wakiahidi kazi na utajiri ng'ambo, wakikopesha nauli, kisha deni likakatwa kwenye ujira wa mtu ambaye hajaanza hata kazi. Huko Marekani alimpokea bwana mwingine, Mwitaliano mwenzake aliyejua Kiingereza: akampa kazi, akampangia kitanda, akamuuzia chakula kwa bei ya juu, na kila kimoja akakikata kwenye malipo. Scalabrini aliweka mapadre bandarini Genova wawakague mawakala, akaandika vijitabu, akawashinikiza wanasiasa wa Roma. Sheria ya Italia ya mwaka 1901 iliwabana mawakala hao na kuunda idara ya serikali ya kuwasimamia wanaohama.

Msomaji wa Mufindi ataitambua biashara hiyo. Kwetu inaendeshwa kwa simu. Mama wa mjini anataka binti wa kazi, anamwambia dalali, dalali anampigia mtu wake wa Mafinga au wa kijijini, nauli inatumwa, binti anapandishwa basi. Nauli na ada ya dalali hukatwa kwenye mishahara ya mwanzo, na mara nyingi hakuna aliyemwambia binti kwamba itakuwa hivyo. Akimaliza kulipa na kuanza kupata chake, dalali yuleyule anaweza kumshawishi ahame nyumba, kwa sababu kila nyumba mpya ni ada mpya. Mjini watu wanasema waziwazi kwamba wanataka binti wa Iringa, kwamba ni wachapakazi na hawana maneno. Sifa hiyo inauma ukiitafakari, kwa kuwa maana yake kubwa ni kwamba yuko mbali na kwao na hana pa kukimbilia.

Kwa nini wanatoka wengi kutoka huku? Umaskini pekee hautoshi kujibu, maana kuna mikoa maskini zaidi. Mufindi ina mvua, chai na mbao. Sababu moja nzito ni UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulikuta maambukizi ya asilimia 9.1 kwa watu wazima wa mkoa wa Iringa na asilimia 14.8 kwa Njombe, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Nyuma ya tarakimu hizo kuna miaka mingi ya mazishi kabla dawa hazijaenea, na kizazi cha watoto waliolelewa na bibi. Bibi akichoka au akifariki, binti wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne anakuwa mzigo kwa ndugu, au yeye mwenyewe anajihesabu hivyo, na simu ya dalali inamkuta yuko tayari. Kwa hiyo yatima tunayemsaidia nyumbani na binti tunayemsahau mjini mara nyingi ni mtoto mmoja.

Sheria haziko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa dalali anayemhamisha mtoto ili anyonywe. Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2009. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na amri iliyoanza Januari 2023 ikapandisha hadi 60,000. Chama cha wafanyakazi kinachowahusu kipo, CHODAWU. Lakini mkaguzi wa kazi anaingia kiwandani. Sebuleni kwa mtu haingii. Na binti asiyekuwa na simu, asiyejua jina la mtaa anaokaa, hajui pia kwamba amri hiyo ipo.

Haki inanitaka niseme upande wa pili. Si kila binti anayetoka Igowole anaangukia pabaya. Wapo waliosomeshwa cherehani na waajiri wao, wapo waliofunguliwa kibanda cha biashara, wapo walioolewa kwa heshima kutoka nyumba walizofanyia kazi kama kutoka kwao. Wapo wanaokwenda kwa shangazi au mama mdogo wa kweli, na wanalelewa. Familia nyingi za Uhehe na Ubena zimejengwa kwa fedha zilizotumwa na dada aliyeko Dar es Salaam. Kumzuia kila binti asisafiri kungekuwa kumfungia. Scalabrini mwenyewe hakuwahi kupinga watu kuhama. Aliona ni haki yao, akapinga kuuzwa kwao. Hoja yangu inasimama hapo pia: hatari kubwa iko kwenye kufika bila mashahidi.

Kanisa la huku lina historia ya kujivunia kwenye kujenga panapokaa watu. Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliondolewa, na mwaka 1919 Wamisionari wa Konsolata, shirika la Padre Giuseppe Allamano aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024, wakashika kazi. Hospitali, shule, makao ya yatima, mashirika ya masista wazalendo: vyote vilikua kuizunguka misheni. Misheni ni mahali. Mtu anaijia. Mfumo huo ulifaa kwa watu waliokaa kwenye ardhi yao, ukaleta matunda makubwa. Shida ni kwamba hata wakati misheni zinajengwa, watu walikuwa wakihamishwa. Wakati wa vita hiyo majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, yaliwachukua wapagazi. Baadaye maelfu kutoka Ubena na Uhehe walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyowakusanya watu vijijini na kuwasafirisha kwa mikataba. Mkonge ulikuwa na wakala wake kijijini. Huruma haikuwa na wakala wake shambani kwa kiasi hichohicho.

Wakati huohuo Nyanda za Juu zilionyesha kwamba kupokea wageni kwa utaratibu kunawezekana kabisa. Kuanzia mwaka 1942 Tanganyika iliwapokea wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto. Stalin aliwahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu, wakaachiwa baada ya makubaliano ya mwaka 1941, wakapitia Iran. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, barabara hiihii ya Iringa kwenda Mafinga, na Kidugala, katika misheni ya Kilutheri iliyoachwa na Wajerumani, upande wa Njombe ya leo. Walipewa nyumba, shule za lugha yao, zahanati, kanisa na mapadre wao. Mwaka 1949 padre Mfransisko, Łucjan Królikowski, aliwachukua yatima wapatao 150 waliokuwa Tengeru akawapeleka hadi Kanada, na akaendelea kuwalea huko. Baada ya Wapolandi kuondoka, Ifunda ikageuka kuwa shule ya ufundi iliyosomesha vijana wa Tanganyika.

Siwaonei kijicho watoto wale wa Poland. Walikuwa wamezika wazazi njiani, na walistahili kila kipande cha mkate. Linalonisumbua ni mizani. Miaka ileile ambayo mtoto wa Kipolandi aliyefika Ifunda alikuta kitanda, mwalimu na padre wanaomngoja, kijana wa Kibena aliyepanda lori la SILABU kwenda Tanga alikuta namba na jembe. Serikali ya kikoloni ilikuwa moja. Barabara ilikuwa moja.

Aliyeikaribia zaidi njia ya Cabrini katika Afrika Mashariki ni Sista Irene Stefani, Mkonsolata, naye Mlombardia, aliyezaliwa mwaka 1891. Alifika Kenya mwaka 1915, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto aliwafuata wapagazi wa Kiafrika kwenye hospitali za jeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hao walikuwa wahamaji kwa maana chungu kabisa: wamekokotwa kutoka kwao, wanakufa kwa kuhara na homa pwani wasikoijua lugha ya mtu. Yeye aliwaosha, akawajua kwa majina, akatafuta hata waliodhaniwa wamekufa. Baada ya vita, akiwa Gikondi katika nchi ya Wakikuyu, aliwaandikia barua vijana waliokwenda kufanya kazi mijini, akiwa daraja kati yao na wazazi waliobaki. Alifariki mwaka 1930, na tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri huko Nyeri. Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Nitazirudia barua zake.

Kuhusu wanaoingia Mufindi nitasema machache, kwa sababu hali yao iko wazi zaidi. Mchuma chai analipwa kwa uzito wa majani anayoyaleta kwenye mizani. Analala kwenye nyumba za kambi za kampuni au amepanga kijijini. Ana chama cha wafanyakazi kama atakitumia. Yuko mahali panapojulikana. Parokia na makanisa mengine yanamfikia, walau Jumapili. Anachokosa ni uhakika wa msimu, na hilo haliko mikononi mwa mtawa.

Wanaopita ni jambo jingine. Juni 2012, mkoani Dodoma, zaidi ya wahamiaji 40, wengi wao Waethiopia, walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini. Nchi ilishtuka, kisha malori yakaendelea. Kila mwaka polisi na maofisa wa Uhamiaji wa Iringa na Mbeya hukamata makundi ya vijana hao, wamekonda, wengine wakiwa watoto, hawajui Kiswahili wala walipo. Hushtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali, hufungwa au hutozwa faini wasiyoweza kuilipa, kisha husubiri kurudishwa. Sipingi nchi kulinda mipaka yake. Lakini injili ya Mathayo, sura ya 25, inapowataja mgeni na mfungwa inawataja pamoja, na huyu ni wote wawili katika mwili mmoja. Cabrini aliingia magerezani akiwa na kitu kimoja ambacho askari magereza hana: lugha ya mfungwa. Kwa kijana wa Ethiopia kazi hiyo ingehitaji mtu anayejua Kiamhari au Kioromo, dawa za ngozi, na simu moja ya kumwambia mama yake kwamba mwanawe yu hai. Makanisa ya Nyanda za Juu yana kamati za magereza. Hilo yanaliweza.

Kwa binti wa Igowole uwezo ni mkubwa zaidi, kwa sababu yeye ni wa kwetu na njia yake inajulikana. Zipo asasi zilizokwisha kuonyesha mfano: KIWOHEDE, yenye chimbuko lake Buguruni, Dar es Salaam, imewapokea mabinti wa kazi kwa miaka mingi, na WoteSawa ya Mwanza ilianzishwa na mwanamke aliyewahi mwenyewe kuwa mfanyakazi wa nyumbani akiwa mtoto. Kanisa Katoliki lina kitu ambacho asasi hizo hazina, nacho ni mtandao unaofika kila mtaa. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa parokia: familia jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba kila juma, zikijuana kwa majina. Hakuna ofisi ya serikali wala chama chenye macho ya karibu kiasi hicho ndani ya Kimara, Tabata au Mbagala.

Sasa angalia nani hayupo kwenye jumuiya hiyo. Baba na mama wapo, watoto wapo. Binti wa kazi yuko jikoni anachemsha chai ya wanajumuiya, au amebaki kulinda nyumba. Akionekana, huonekana akikusanya vikombe. Jina lake halimo kwenye daftari la mwenyekiti, ingawa amebatizwa na kupata kipaimara. Ni Mkatoliki aliyesalishwa chumba cha chini, kama Waitaliano wa New York.

Hapa ndipo narudi kwenye barua za Sista Irene. Kuna utaratibu wa zamani ambao ungeanza kulibadilisha hili bila gharama kubwa. Mkatoliki anayehama huchukua barua ya utambulisho kutoka parokia yake aipeleke anakokwenda. Watu wazima huifuatilia wanapotaka kufunga ndoa au kubatiza. Binti wa kazi huondoka bila barua, kwa sababu aliondoka haraka na hakuna aliyefikiri anaihitaji. Yeye ndiye anayeihitaji kuliko wote. Barua hiyo ingeandikwa Igowole na kutumwa na parokia yenyewe kwa parokia ya mjini, kwa simu au kwa mkono, ikitaja jina lake na umri wake, nyumba anayokwenda, aliyemchukua, mshahara waliokubaliana na namba ya mlezi wake kijijini. Mwenyekiti wa jumuiya ya huko angepita kumsalimu ndani ya juma la kwanza. Mwajiri mwema hatachukia. Mwajiri mbaya atajua kwamba kuna mtu anahesabu. Na kama umri ni mdogo mno, barua isingeandikwa. Badala yake mtendaji wa kijiji angeitwa. Hapo ndipo upande wa Scalabrini unapoingia, maana halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zinazoidhinishwa na wilaya, na inaweza kuamua kwamba hakuna anayemchukua mtoto kijijini pasipo kujiandikisha ofisini kwa jina lake kamili. Wapo watakaosema ni kuingilia mambo ya familia. Dalali si familia.

Mafinga ilifanywa jimbo Desemba 2023, ikamegwa kutoka Iringa, na askofu wake wa kwanza ni Vincent Cosmas Mwagala. Jimbo changa bado linapanga idara zake na kuamua nani atatumwa wapi. Mimi ningeomba wawili. Mabasi ya Nyanda za Juu yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi, ambako madalali wanawangoja mabinti na masanduku yao. Masista wawili wanaosema Kihehe na Kibena, wenye meza, simu na vitanda vichache vya kulaza asiye na pa kwenda usiku ule, wangewapokea. Shirika la Wateresina lilizaliwa Iringa na lina mabinti wa vijiji hivihivi. Fedha ya kuanzia inaweza kutoka kwa wana-Mufindi walioko mjini, ambao wanachangiana vizuri sana penye msiba. Wengi wao wana binti wa Iringa jikoni kwao.